Dume Namba Tano

Ile Jumanne ya Julai 1977 baridi ilikuwa imehamia Tetu na vitu vyake vyote, na Wasike alikuwa amevaa sweta mbili chini ya koti la serikali. Alishuka kutoka Nyeri mjini na Volkswagen yake. Kwenye kiti cha abiria kulikuwa na flaski kubwa ya chuma, ameifunga kwa kamba vizuri kuliko vile watu wengi hufunga watoto mgongoni. Ndani yake kulikuwa na mbegu za madume wanne wa serikali, zimegandishwa kwa baridi ambayo hata Mlima Kenya haujawahi kuiona. Kazi ya Wasike ilikuwa kuzipeleka hizo mbegu kwa ng'ombe wa Tetu, kituo baada ya kituo, kila siku ya Mungu.

Watu walimwita Daktari. Hakuwa daktari, na mwanzoni alijaribu kukataa. Lakini ukishaingiza mkono mpaka kwapani ndani ya ng'ombe wa mtu, huyo mtu atakuita jina analotaka yeye.

Mambo yalikuwa hivi. Ng'ombe wako akiamka analilia dume, unamleta barabarani, unamfunga kwenye kile kizuizi cha miti, halafu unangoja Volkswagen. Inapita mara moja tu kwa siku. Ikipita imepita. Kesho yake ng'ombe amepoa, hataki hata kukumbushwa, na wewe unahesabu wiki tatu upya.

Pale Thara-ini, kizuizi kilikuwa mbele ya kituo cha maziwa. Kwenye ukuta wa kituo Wasike mwenyewe alikuwa amebandika picha za wale madume wanne, kila mmoja na namba yake, ili mwenye ng'ombe achague. Namba moja Friesian, namba mbili Ayrshire, namba tatu Guernsey, namba nne Jersey. Miaka tisa amefanya kazi hapo, na miaka tisa namba zilikuwa nne.

Asubuhi hiyo alikuta ng'ombe watatu na watu kama thelathini. Hiyo hesabu haikumpendeza. Watu thelathini hawasimami kwa baridi kuangalia ng'ombe watatu ila kama kuna neno.

"Daktari, umechelewa," alisema Wacera, aliyekuwa mbele ya wote ameshika kamba.

Wacera alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, mfupi, kitambaa kichwani, na miguuni gumbuti za marehemu mumewe zilizojazwa magazeti ili zimtoshe. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mweusi, jina lake Kairu. Maziwa ya Kairu ndiyo yalikuwa chai yake, ndiyo yalikuwa sukari ya hiyo chai, na ndiyo yalikuwa sadaka yake kanisani. Lakini tangu Machi Kairu alikuwa amepandwa mara tatu na mara tatu hakushika mimba, na maziwa sasa yalikuwa yamebaki ya paka.

"Pole, Mama. Barabara ina matope. Leo tumpe gani?"

"Namba tano."

Wasike alicheka kidogo, kwa adabu. "Mama, namba ni nne."

"Zilikuwa nne. Angalia ukuta."

Wasike akaangalia ukuta. Namba moja alikuwepo, mbili, tatu, nne. Halafu, kwenye mstari ule ule, imenyooshwa vizuri kabisa, kulikuwa na karatasi mpya kubwa yenye mnyama wa kijani. Alikuwa na mwili kama lori la pamba, miguu kama nguzo za posta, na shingo iliyopanda, ikapanda, ikafika ukingo wa karatasi, ikabidi mchoraji aongeze karatasi nyingine kwa gundi ndipo kichwa kipate pa kukaa. Kichwa chenyewe kilikuwa kidogo na chenye tabasamu. Chini yake: *Urefu futi 70. Uzito sawa na ndovu kumi. Chakula: majani tu.* Na kwenye kona, kwa wino mwekundu, namba tano.

"Nderitu," Wasike aliita polepole.

Nderitu, karani wa kituo, alitoka na kalamu sikioni. Alikuwa mtu wa utaratibu sana. Hata mikebe ya maziwa alikuwa anaipanga kwa urefu.

"Hiyo ni nini?"

"Ni ya Mwalimu Magdaline. Darasa la sita linavuja, akaniomba nimwekee ikauke. Nikaona zimeshakuwa nne, nikaweka hapo mwisho."

"Na namba?"

"Zingine ziko na namba," alisema Nderitu, kama mtu anayeulizwa kwa nini amevaa suruali. "Singeacha moja bila."

"Imekaa hapo tangu lini?"

"Ijumaa. Daktari, watu wamejiandikisha kumi na tisa. Kuna mmoja alisikia akiwa Kenol, akatuma jina na dereva wa lori."

Wasike alishika kichwa. Alikuwa mtu wa Kimilili, amezaliwa katikati ya ng'ombe, na kitu kimoja alichojua ni kwamba mfugaji akishapenda dume, humtoi hapo kwa maneno. Wale wenye ng'ombe wawili wengine walikuwa wamesogea kando, wanangoja kuona Mama Wacera atapewa nini ndipo nao waamue.

Na kulikuwa na mtu wa nne anayengoja. Kwenye jiwe kando ya barabara alikaa Ngatia, mwenye bucha, jirani yake Wacera, tumbo limetangulia mbele kama kawaida. Mara ya tatu Kairu aliposhindwa, Ngatia alimpapasa mbavu mbele ya watu, na Wacera, kwa hasira, akasema mbele ya watu hao hao kwamba akikosa na ya nne, Ngatia aje na kamba. Leo ilikuwa ndiyo hiyo ya nne. Ngatia alikuwa amekuja na kamba kabisa, ameikunja vizuri kwenye goti.

"Usiharakishe mama ya watu, Daktari," alisema Ngatia. "Kama anataka ya shingo, angojee ya shingo. Mimi sina haraka."

Wasike alimtazama Kairu. Ng'ombe alikuwa amesimama ametulia, mkia kando, masikio mbele, tayari kabisa. Baada ya saa mbili, tatu, atapoa. Hakuna leo nyingine.

Akaanza na lile jambo alilodhani ni rahisi.

"Mama, soma hapo. Ndovu kumi. Kairu atazaa kitu kama hicho? Si atapasuka."

"Mwaka ile ulikuja hapa," alisema Wacera, "bwana yangu alikuambia hiyo Friesian yako itapasua ng'ombe yetu ya kienyeji. Wewe ukasema ndama inaanzanga kidogo. Sasa huyu anaanzanga kubwa?"

"Hapana, hata yeye anaanza mdogo, lakini..."

"Basi."

Watu wakaguna kwa kuridhika.

"Na hiyo shingo ni ya nini, Mama? Utaifanyia nini?"

"Hapo ndipo hujafikiria." Wacera alimkaribia, akapunguza sauti, ingawa kila mtu alisikia. "Shamba yangu ni robo eka. Majani ya napier imeisha. Lakini kuna napier mzuri sana ng'ambo ya ua. Ng'ombe akiwa amesimama kwangu, miguu yote minne kwangu, na kichwa peke yake iko huko, hiyo si kuvuka mpaka. Nimeuliza."

"Ati nini?" Ngatia aliinuka kutoka kwenye jiwe. Hiyo napier ilikuwa yake.

"Keti, Ngatia. Hajazaliwa bado."

Wasike akaona afadhali aseme ukweli wote, auweke mezani kama ulivyo. Na hapo ndipo alipokosea sana.

"Mama, sikiza. Huyu si ng'ombe hata kidogo. Ni ukoo wa mjusi. Anataga mayai."

Watu wakasogea karibu.

"Mayai?" alisema Wacera.

"Mayai."

"Kubwa?"

Wasike alikuwa mlokole, hakuweza kudanganya. "Kubwa," alisema.

"Maziwa asubuhi na mayai jioni," alisema mtu kule nyuma, kwa sauti ya mtu anayeomba. Watu watatu wakaenda kwa Nderitu kujiandikisha. Nderitu akafungua ukurasa mpya.

"Ngojeni," alisema Wasike. "Maziwa hana. Mjusi hana maziwa."

"Mjusi hana," Wacera alikubali, kwa upole, kama anamsaidia mtoto hesabu. "Ng'ombe iko nayo. Ndio maana unachanganya. Si ni wewe ulitufundisha hapa hapa, ati ukichanganya unapata nzuri ya huku na nzuri ya huku?"

Ni yeye. Alikuwa amesimama juu ya kreti akasema hivyo, na wakampigia makofi.

"Halafu Kairu ameshajaribu namba moja, ameshajaribu tatu, ameshajaribu nne," Wacera aliendelea. "Wote wamemshinda. Huyu ng'ombe anataka dume wa maana. Kama ni kwenda kwa Ngatia, aende akiwa amejaribu ya mwisho."

Sasa sauti yake ilikuwa imeshuka, na mkono uliokuwa kwenye shingo ya Kairu ulikuwa unakuna, unakuna, bila yeye kujua. Wasike aliona hayo. Akaona pia jinsi Ngatia anavyokunjua kamba kidogo kidogo.

"Mama, huyo mnyama alikufa," alisema Wasike.

"Lini?"

"Zamani sana. Hakuna hata mmoja amebaki duniani."

"Na Meja alikufa lini?"

Wasike akafumba macho. Meja alikuwa ndiye namba moja, yule Friesian. Mwaka uliopita, mbele ya baraza zima, Wasike alifungua flaski, moshi wa baridi ukamwagika mpaka miguuni mwa watu, na akatangaza kwa fahari kwamba Meja alikufa miaka mitatu iliyopita lakini bado anazaa Tetu, anazaa Kiganjo, ataendelea kuzaa. Mzee mmoja alivua kofia. Kwa mwezi mzima watu hawakuongea kitu kingine.

"Kufa si neno," Wacera alisema. "Wewe ndio ulisema. Neno ni kama walimwekea kwa flaski."

Wasike akamgeukia karani. Akamwambia Nderitu, "Niitie mwalimu."

Mwalimu Magdaline alikuja mbio kutoka shuleni, chaki kwenye nywele, kwa sababu aliambiwa kuna shida na mchoro wake na alifikiri umenyeshewa. Alikuwa msichana wa Othaya, mwaka wa kwanza kazini, na huo mchoro ulikuwa umemla wikendi mbili. Alipokuta watu thelathini wanautazama kwa heshima, aliona Mungu amemjibu.

"Mwalimu," alisema Wasike, "waambie hawa watu huyo alikufa lini."

"Miaka milioni mia moja na hamsini iliyopita," alisema Magdaline, kwa sauti ya darasani.

Watu walimgeukia Wacera. Wacera alifikiri. Alitazama ile flaski ndani ya Volkswagen, akaitazama tena ile picha.

"Hiyo ni mingi kuliko ya Meja," alikiri.

"Ni mingi sana, Mama," alisema Wasike, akaanza kuvaa glavu.

"Inategemea kama walifunga kifuniko vizuri."

Wasike akavua glavu.

"Lakini mifupa ipo," aliongeza Magdaline, ambaye hakuelewa kesi lakini alipenda swali. "Mifupa yake kabisa. Wazungu waliichimba, mfupa wa mkono peke yake ni mrefu kuliko mtu. Wakaibeba na vichwa vya watu mpaka pwani, siku na siku."

"Mnaona," alisema Wacera. "Si hadithi. Iko na mifupa. Waliichimba wapi, mwalimu wangu? Hapa hapa?"

"Hapana, hapa kwetu ni mawe ya volkeno. Ni huko kusini. Mahali panaitwa Tendaguru, karibu na Lindi. Tanzania."

Wasike alikuwa ameshageuka kwenda kwenye gari, amekata tamaa, mkono uko kwenye mlango. Akasimama hivyo hivyo.

"Umesema wapi?"

"Tanzania."

Aligeuka polepole. Alikuja mpaka mbele ya Wacera, akavua kofia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeleta habari za msiba.

"Mama Wacera. Umesikia mwalimu. Huyu dume ni wa Tanzania."

"Nimesikia."

"Na mpaka wa Tanzania?"

Tangu Februari redio ilikuwa haina wimbo mwingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika, ndege zimezuiwa, mpaka umefungwa, hapiti mtu, hapiti mbuzi.

"Umefungwa," alisema Wacera.

"Umefungwa," alisema Wasike.

"Aiya," ilisema Thara-ini yote kwa pamoja.

Jambo ambalo ndovu kumi hawakuweza, ambalo mjusi na miaka milioni mia moja na hamsini walishindwa kabisa, likafanyika hapo kwa neno moja. Watu walitingisha vichwa. Mmoja alisema siasa ndiyo inaharibu ukulima. Mwingine alisema alijua tu, kila kitu kizuri kiko ng'ambo. Nderitu alichukua kalamu nyekundu, akaenda ukutani, na chini ya namba tano akaandika kwa herufi safi: *Haipatikani kwa sasa.*

Ngatia peke yake ndiye hakukubali. "Kuna njia za panya," alisema haraka. "Pale mpakani Loitokitok sukari inapita kila wiki. Mama, ngoja. Mwezi mmoja tu. Mimi niko na mtu huko."

Kwa muda kidogo macho ya Wacera yaliwaka, na Wasike akaona kazi yake yote inamwagika.

"Ngatia," alisema, "sukari inaingia kwa gunia. Huyu ni futi sabini. Utampitisha wapi usiku au mchana askari asione ile kichwa? Na hao askari wote wamefunzwa hapo chuo cha polisi Kiganjo. Wewe unawauzia nyama, unawajua. Utawaambia ni twiga mgonjwa?"

Watu wakacheka, na Wacera akacheka na wao, kwanza kidogo, halafu akafuta macho na kona ya kitambaa.

"Basi, Daktari," alisema. "Lakini nataka uniandikie. Siku watafungua mpaka, mimi ndio wa kwanza."

"Mama, nimekuambia vile huyo mnyama..."

"Niandikie."

Wasike alitazama jua. Alitazama Kairu, ambaye alikuwa ameanza kuangalia majani kuliko mambo mengine, na hiyo si dalili nzuri. Akachomoa kadi ya kazi, akaiweka juu ya boneti, akaandika: *Wacera, Thara-ini, wa kwanza, mpaka ukifunguliwa.* Akaweka sahihi, na kwa sababu Wacera alikuwa bado ananyoosha shingo kusoma, akaongeza tarehe na muhuri.

"Sasa. Namba gani?"

Wacera alikwenda ukutani. Alitoa uzi wa kusukia kiondo kutoka kwenye kikapu chake, akapima shingo ya namba moja, akapima ya mbili, ya tatu, ya nne, bila haraka, huku Wasike anaruka mguu huu na mguu huu kama mtu anayetafuta choo.

"Mbili," alisema mwishowe. "Hajajaribiwa. Na ameshinda wengine kwa kidole kimoja."

Wasike alifungua flaski, moshi ukamwagika, na kazi ikafanyika kwa dakika ambazo hazifiki tano. Wale wengine wawili nao wakataka namba mbili, kwa kile kidole. Ngatia alikunja kamba yake akaenda bila kuaga.

Wiki tatu zilipita, Kairu akanyamaza, hakulilia dume. Sita zikapita, akanyamaza. Mwezi wa nane wa kungoja Wacera alianza kumwekea Kairu majani juu ya ua, mahali pa juu, ili ndama azoee akiwa bado ndani. Aprili 1978 akazaa ndama jike, mweusi na mabaka ya kahawia, na Thara-ini nzima ikapita kumwona. Hawakuuliza ni dume ama jike. Walipima shingo. Wengine walisema ni ya kawaida, wengine walisema kuna kitu hapo, ngojeni akue. Wacera alimwita Dodoma, kwa sababu Tendaguru ilimshinda kutamka, na maziwa ya Kairu yakarudi, na chai ikarudi kuwa na rangi ya chai.

Dodoma alikua ng'ombe mzuri. Ni kweli kwamba mara nyingi kichwa chake kilionekana kwenye napier ya Ngatia, lakini hiyo ilikuwa kwa sababu ya tundu kwenye ua. Wacera alisema hakujua lilitoka wapi.

Wasike alisahau. Mtu mwenye ng'ombe elfu mbili hawezi kukumbuka kila kadi. Alihamishwa Mathira, akarudishwa, nywele zikaanza mvi, Volkswagen ikawa ya pili. Novemba 1983 alikuwa anakunywa uji saa kumi na mbili asubuhi redio iliposema marais wameketi, wamekubaliana, mpaka wa Kenya na Tanzania umefunguliwa. Akafurahi, akasema ni jambo zuri kwa biashara, akavaa koti, akashuka Tetu akipiga mluzi.

Alipokata ile kona ya Thara-ini, mluzi ukaisha.

Walikuwa wamepanga mstari kutoka kizuizini mpaka kwenye daraja, kila mtu na ng'ombe wake, wamesimama kwa adabu. Nderitu alikuwa anapita katikati na orodha, anaita majina. Ukutani picha ya kijani ilikuwa imefifia, lakini yale maneno mekundu, *Haipatikani kwa sasa*, yalikuwa yamekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Na mbele ya wote, ndani ya zile gumbuti, alikuwa Wacera, mkono mmoja kwenye shingo ya Dodoma na mkono mwingine umeshika kadi ndogo iliyokunjwa mara nne, imevalishwa nailoni isije ikalowa.

"Daktari," alisema, "umechelewa."